Kuthamini, kuenzi au kutunza: neno la kumwambia mchumba

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Umoja, Nairobi, na nafunga ndoa Desemba. Pasta ameturuhusu tuandike viapo vyetu wenyewe, nasi tumekubaliana viwe vya Kiswahili. Nimekwama kwenye neno moja. "Nakupenda" nimemwambia mara nyingi hata limepoa. Nilipoandika "nitakuthamini", dada yangu akacheka, akaniuliza kama naenda kukadiria bei ya ploti. Nikafuta, nikaandika "nitakuenzi". Nyanya wa mchumba wangu, mzaliwa wa Mombasa, akaguna tu na kusema kuenzi ni kwa waliotangulia. Nitumie neno gani kueleza kwamba mtu huyu ni wa maana kwangu leo na siku zote? Tena tunataka kuwapa mama zetu leso (kanga) siku hiyo. Maneno gani yanafaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na Mungu awafikishe Desemba salama. Nikupe jibu kwanza ili usingoje: katika kiapo sema "nitakutunza". Dada yako ana hoja na nyanya ana hoja, ingawa hakuna kati yao aliyepata kabisa. Nitazifungua hoja zao, maana hayo maneno mawili uliyoyafuta utayahitaji siku hiyohiyo, ila mahali pengine.

Thamini limetokana na thamani, nayo thamani tuliipata kwa Waarabu, ambao kwao thaman ni bei. Harufu ya soko haijalitoka. Ndugu yake ni tathmini, ile kazi ya kupima kitu kwa vigezo: mtoto wa Gredi ya 6 anayekaa KPSEA, ule mtihani wa kitaifa, anafanyiwa tathmini, na daraja lililosombwa na mafuriko hufanyiwa tathmini kabla ya kujengwa upya. Kwa hiyo dada yako hakukosea kunusa ploti. Alichosahau ni kwamba Waswahili walilitoa neno hili sokoni zamani. Mtu akikwambia "nathamini sana msaada wako", hakuna anayetafuta kikokotoo.

Tazama tu kinachofuata baada ya kitenzi hicho: msaada, mchango, ushauri, muda, urafiki, kazi ya mtu. Thamini hupenda kushika kitu ambacho mtu ametoa au amefanya, ndiyo sababu linakaa vizuri kwenye hotuba ya shukrani. Likimshika mtu mwenyewe, huwa linazungumzia kutambuliwa. Mfanyakazi akisema mwajiri wake anamthamini, maana yake jasho lake halipotei bure. Na kwenye ndoa? Sikiliza vipindi vya redio vya usiku, watu wanapopiga simu kueleza ya nyumbani kwao. "Hanithamini" utalisikia kila mara; "ananithamini" ni nadra. Neno limezoea kukanushwa. Jali nalo ni vivyo hivyo: "hajali" lina makali kuliko "anajali", na ukimwahidi mtu madhabahuni kwamba utamjali, umemwahidi tu kwamba hutampuuza. Hiyo ni ahadi ya kumpa mpangaji, si mume.

Kuna jambo ambalo dada yako hakuligusa, na kwa Nairobi ndilo linalonitia hofu zaidi: matamshi. Wengi wetu hapa tumekulia katika lugha zisizotenganisha th na dh. Gikuyu ni mfano mzuri, kwani huandikwa th lakini sauti yake ni ile ya dh katika dhahabu. Mtu akiingia kwenye Kiswahili na mazoea hayo, thamini humtoka dhamini bila yeye kujua. Na dhamini ni neno jingine kabisa, lenye shina jingine la Kiarabu, la kubeba dhima kwa ajili ya mwenzio. Mdhamini ndiye anayetia sahihi ili upewe mkopo wa sacco. Dhamana ndiyo inayomtoa mshtakiwa rumande pale Milimani. Kipindi cha redio hudhaminiwa na kampuni ya sabuni. Sasa bibi harusi akisimama mbele ya kanisa zima akatamka "nitakudhamini hadi kifo", wajomba wana haki ya kuuliza mkopo wenyewe ni wa pesa ngapi. Kosa hili nimeliona hata katika maandishi, kwenye kadi na kwenye rambirambi: "tulimdhamini sana marehemu". Siku hiyo utakuwa na machozi na kipaza sauti kitakuwa kinakoroma. Usijitie kwenye mtego huo.

Tuje kwa nyanya. Enzi kama nomino ni utawala, ukuu. Kiti cha enzi ni cha mfalme, na Mwenyezi si neno jingine ila mwenye enzi. Kumuenzi mtu basi ni kumweka juu, kumpa utukufu. Hakuna kamusi inayosema lazima awe amekufa, na hapa Kenya twaenzi utamaduni, twaenzi lugha, vitu vilivyo hai kabisa. Lakini masikio yetu yamelisikia neno hili likiandamana na makaburi. Kila tarehe 14 Oktoba Watanzania humuenzi Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1999. Siku sita baadaye, tarehe 20, sisi huwaenzi mashujaa wetu, katika sikukuu ambayo kabla ya Katiba ya 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta. Na hotuba ya mazishi haijakolea mpaka mtu aseme "tutamuenzi kwa kuendeleza kazi aliyoianza". Nyanya ameyasikia haya miaka mingi. Mwanamke anayeahidi kumuenzi mumewe, kwa sikio lake, amemzika kabla ya keki kukatwa.

Mimi nina sababu nyingine ya kulikataa. Anayeenziwa yuko juu na wewe uko chini ukitazama. Mume na mke hukaa kwenye benchi moja. (Watangazaji wetu wa michezo siku hizi hata klabu humfanya shabiki "aienzi". Wapunguze kidogo, shabiki wa kandanda hupenda, basi.) Ukilitumia kwingine, andika "kumuenzi". Wapo watakaokwambia kanuni inadai "kumwenzi", kama tusemavyo kumwita na kumweka, nao wana mantiki, lakini umbo hilo linafanana mno na mwenzi na waandishi wengi wamelikwepa.

Ukitaka kuona maneno haya yakigawana kazi, nenda Moi Avenue kwenye jengo la Nyaraka za Kitaifa. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya: vinyago, nguo, mapambo, kazi za sanaa kutoka pembe nyingi za Afrika. Vitu vile vimehifadhiwa, kwa kuwa kuna kuta na makabati yanayovikinga. Vinathaminiwa na wanaolipa kiingilio ili kuvitazama. Murumbi mwenyewe anaenziwa, na City Park alikozikwa kuna sanamu zilizowekwa kwa ajili hiyo. Lakini yule anayeingia asubuhi na kitambaa, akapangusa vumbi kwenye kinyago bila kukikwaruza, huyo ndiye anayevitunza.

Tunza ni neno la mikono. Twatunza afya, twatunza siri, twatunza pesa, twatunza mgonjwa, twatunza mazingira, twamtunza mama uzeeni. Halichagui kati ya mtu na kitu, wala halipungukiwi heshima likivuka kutoka kimoja kwenda kingine, jambo ambalo thamini na enzi haziwezi. Tena lina maana ya pili inayoliongezea utamu. Kwenye ngoma au taarabu, mtu akikunwa na mwimbaji huinuka na noti mkononi, akaenda mbele kumtunza mbele ya watu wote. Methali ya "mcheza kwao hutunzwa" ilizaliwa hapo. Wengine husema hutuzwa, na tuzo zinazogawanywa kila mwaka kwa wanamuziki na wanahabari ni za ukoo huo. Kwa hiyo nyanya akikusikia unasema "nitakutunza", atasikia mambo mawili kwa pamoja: kwamba utamwangalia mjukuu wake, na kwamba hutaona haya kumshangilia hadharani. Sijui neno jingine linalobeba yote mawili.

Lipo pingamizi, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mashoga zako. Mwanamume akisema "nitamtunza", wengi husikia kodi, karo na unga. Mwanamke akisema hivyohivyo, wengine watasikia uuguzi. Dawa yake iko ndani ya sarufi: "tutatunzana". Kile kiambishi cha -ana kinafunga mlango kwa anayetaka kujua nani atamtunza nani. Mwanzo wa kiapo sema "nitakutunza", mwisho "tutatunzana".

Usikubali likuteleze likawa jirani zake. Chunga ni la mbuzi, na la kumwambia jirani "nichungie mtoto nafika dukani". Linda ni la askari wa getini. Lea ni la mtoto, na mwanamume mzima akisemwa kwamba analelewa, hiyo si sifa, wewe wajua mjini watu husema hivyo wakimaanisha nini. Dekeza ni kutunza kuliko kiasi, hadi mtu akaharibika. Aliyelelewa kama yai hukua bila kujua kuosha sahani. Unachotaka ni kipimo cha juu kisichogeuka kudekeza, nacho tunacho tayari: kumtunza mtu kama mboni ya jicho. Wakristo wanaijua mboni hiyo kutoka Zaburi ya 17, na Waislamu wa Pwani huitumia vilevile nyumbani, kwa hiyo pande zote mbili za familia zitaipokea.

Kuhusu nakupenda, usilitupe. Silo lililopoa, ila tumelipa kazi nyingi mno: tunapenda chapati, tunapenda mvua ikinyesha usiku, na kila mkutano wa chama huanza na "ningependa kuwajulisha". Jaribu kulibadilisha wakati. "Nakupenda" ni hali, imo tu, kama kusema una njaa. "Nimekupenda" ni uamuzi uliokwisha kufanywa, na katika kiapo tofauti hiyo inasikika hadi viti vya nyuma. Ukitaka nomino, tumia upendo. Mapenzi ni mazuri ila yana miguu miwili; mmoja uko chumbani, na mwingine uko kanisani, ambako mapenzi ya Mungu ni matakwa yake. Pasta akisema mmekutana kwa mapenzi ya Mungu, hamaanishi unachodhani vijana wa nyuma wanachekea.

Mchumba wako usimwite mpendwa. Neno lenyewe halina kosa, ila kampuni za simu zimelimaliza kwa "mpendwa mteja", na ukurasa wa matangazo ya vifo umechukua lililobaki. Mwite mpenzi wangu au kipenzi changu. Hili la pili lina ujanja wake wa sarufi: kimilikishi hufuata ki-, lakini kitenzi humfuata mtu, kwa hiyo "kipenzi changu amefika", si "kimefika". Azizi na muhibu ni ya Pwani na ya tenzi, matamu kweli. Weka moja tu, kwa ajili ya nyanya. Ukirundika azizi, muhibu na johari katika sentensi moja, utaonekana umekodi mshairi.

Yapo mengine ambayo nayagusa kwa haraka ili usije ukayaokota mwenyewe. Ghali liache. Waarabu huliita hivyo kwa upendo, sisi hatujaliruhusu. Ukimwambia mwanamume yu ghali kwako, wiki chache baada ya wazee kumaliza habari ya mahari, utazua kicheko usichokitaka. Husudu hutumiwa na watu kueleza kumpenda mtu hadi kupitiliza, ila maana yake ya kwanza ni wivu, ule wa kumtakia mtu aanguke. Tunuka ni zuri ajabu, la kupenda kitu hadi roho ikakiganda, na tunu ni kitu adimu cha thamani. Ndiyo maana Watanzania, katika rasimu yao ya katiba ya 2013, waliandika "tunu za taifa" na kuiweka lugha ya taifa miongoni mwake. Lakini kwa Nairobi ya leo wengi watadhani umetunuku mtu cheti. Mwite binti yako Tunu siku za usoni, itatosha.

Kuwa mwangalifu zaidi na "kuweka moyoni". Ukisema "nimekuweka moyoni", ni mapenzi. Ukisema "nimeliweka moyoni", ni kinyongo, na "usiweke moyoni" ni ombi la kusamehewa. Kiambishi kimoja tu kinatenganisha bibi harusi na mtu anayengoja siku ya kulipiza.

Na kwa kuwa umenieleza kwamba unataka viapo visikike kama nyinyi wenyewe, kuna njia ya kuonyesha kwamba kitu ni azizi ambayo vitabu vya shule haviipendi na Nairobi nzima huitumia. Sisi tukipenda kitu, tunakifanya kidogo. Kanyumba kangu. Kashamba ketu kule Kitengela. Kabiashara kananisukuma. Kale ka- tumekachukua kutoka lugha za nyumbani, na Kiswahili sanifu kingetaka ki-, kwamba ni kijumba na kijishamba. Lakini kijumba chako kinaweza kuwa dharau, ilhali kanyumba kangu ni cha mtu aliyejibana miaka kumi akakajenga. Kama mchumba wako husema mtajenga kanyumba kenu, na kiapo ni chenu, kaweke. Mwalimu wa Kiswahili akikunja uso, mwambie nimekuruhusu mimi.

Basi mfano ni huu. Uchukue, uukate, uushone upya kwa mwili wako:

"Mbele ya Mungu na mbele ya wazazi wetu, nimekupenda, nimekuchagua. Nitakutunza kama mboni ya jicho langu. Nitakustahi mbele ya watu na tukiwa peke yetu. Nitathamini jasho lako, hata siku litakapoleta kidogo. Ukiugua nitakuuguza, ukichoka nitakupokea mzigo. Kanyumba ketu kakiwa na kingi au kikiwa haba, tutatunzana hadi mauti yatutenganishe."

Umeona thamini limerudi, likiwa limeshika jasho badala ya mtu. Hapo hata ulimi ukiteleza ukatoka na dh, anayesikia atasamehe, kwani kudhamini jasho hakuna anayekuelewa vibaya. Stahi ni kumheshimu mtu kwa kumwonea haya, kutomvunjia uso, na mara nyingi hilo ndilo wanandoa hukosa hata wakiwa wanapendana. Usilichanganye na stahili. "Nitakustahili" ni ahadi ya kufaa kuwa naye, nzuri pia, lakini ni nyingine. Na enzi nalo lina nafasi: kama kuna mzazi wa upande wowote aliyetangulia, mtakapomtaja kwenye hotuba semeni "twamuenzi". Nyanya hataguna tena.

Leso sasa. Biashara Street utazipata za kila rangi, na kila moja tayari ina jina lake, ule usemi uliochapwa juu ya pindo la chini. Soma jina kwanza, rangi baadaye, kwa sababu majina mengi ni mafumbo ya kumrushia mke mwenza au jirani, na yupo mama mkwe aliyewahi kupewa fumbo kama hilo mbele ya wageni kwa sababu tu lilikuwa na maua mekundu mazuri. Usitafute lenye neno thamini au enzi. Leso haisemi hivyo. "Nani kama mama" ni la zamani, limezoeleka na halichoshi. "Chanda chema huvikwa pete" ni zuri vilevile, ila hilo linakufaa wewe, mwachie wifi akununulie. Huuzwa zikiwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, kwa hiyo zikate na kuzipinda mapema. Kila mama apate doti nzima, jina lilelile na rangi ileile, wasije wakazilinganisha mezani.